Mashine ya RO ya kusafisha maji chini ya sinki: chumvi inatoa kweli, ila hofu ya floraidi kwa Dar ni ya kuuzia tu

Kwa wenye haraka: kama kwako mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, hii mashine inafaa, hela yako haijapotea. Ila kama unataka kuinunua kwa sababu umetishwa kwamba maji ya Dar yana floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji, eti inayodumaza akili za watoto, shika hela yako kwanza usome mpaka chini.

Jina la duka silitaji, sitaki ugomvi na mtu, na hata hivyo hizi mashine zilizojaa Kariakoo ni ndugu moja, stika tofauti vitu vya ndani vilevile. Yangu ni ya hatua tano. Kwa mbele kuna chupa tatu nyeupe zimesimama, ya kwanza inashika mchanga na tope, mbili zinazofuata ni za mkaa, juu yake kumelala bomba lenye membreni, utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi, ambayo ndo RO (reverse osmosis) yenyewe, halafu kuna kafilta kadogo ka mwisho ka kurekebisha ladha. Inakuja na katanki kake ka kuhifadhia na kakoki kembamba kanakofungwa pembeni ya sinki. Hakikisha ina pampu ya umeme. Wengi huku kwetu maji yanashuka tu kutoka kwenye simtanki juu ya mnara, presha hiyo haisukumi membreni, ukiuziwa isiyo na pampu yatakuwa yanadondoka tone tone mpaka uichukie. Bei walianza laki sita na nusu tukashushana mpaka laki tano na ufundi humohumo.

Kisima chetu cha Goba kina chumvi ya kukera, chai unatia sukari mpaka unaanza kuogopa kisukari na bado ladha ni ileile, sabuni haitoi povu, birika la umeme ndani limeota ukoko mweupe mgumu. Toka mashine ifungwe chai imekuwa chai, na kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni maharage, yanaiva haraka mkaa unabaki, kumbe maji magumu ndo huwa yanayafanya yagome kuiva. Wanakupa na kale kakipimo ka TDS, yaani ka jumla ya chumvi zilizoyeyuka, kama kalamu hivi, unachovya kwenye glasi kanasoma namba. Maji ya kisima yalisoma elfu moja na zaidi, yaliyotoka kwenye mashine hayafiki mia. Kwahiyo kazi inafanya, hilo sibishi.

Ubaya wake ni maji yanayomwagwa. RO haifanyi kazi bila kumwaga, kwa kila lita moja safi kuna lita tatu hivi zinaondoka na chumvi yote, fundi alitaka kuyaelekeza shimoni nikakataa, nimeweka ndoo, tunadekia na kumwagia chooni. Mwenye kisima chake anaweza asijali, ila we unayelipa uniti za DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, au unayenunua maji ya boza piga hesabu kwanza. Umeme inakula kidogo tu, LUKU sijaona tofauti.

Haya, sasa niingie kwenye kilichonifanya nikae niandike maneno marefu namna hii.

Yule kijana wa dukani ana onyesho lake. Anaweka glasi mbili mezani, moja ya maji ya bomba na moja yaliyopita kwenye mashine, anachomeka kifaa chenye miguu minne ya chuma, miwili kila glasi, anawasha umeme. Baada ya muda mfupi glasi ya bomba inaanza kutoa mawingu ya kijani, inageuka kahawia, inaota povu chafu juu mpaka unahisi kutapika, na ile ya mashine imetulia nyeupe pee. Hapo ndo anashusha sauti kama daktari, "unaona dada angu, haya ndo mnawapa watoto, hiyo yote ni floraidi na madini mazito, ndo maana watoto hawashiki kitu darasani, Marekani wenzetu wameshaipiga marufuku." Pembeni yangu mama mmoja alishika mdomo, na kulikuwa na mtu na mkewe tayari wameanza kuulizana wana shilingi ngapi kwenye simu.

Mi nikamwambia, mdogo wangu, hebu ile glasi safi itie chumvi ya kula kidogo halafu chomeka tena. Akacheka, "dada unataka kuniulia kifaa." Lakini mwenzake wa pale kaunta alishanogewa, akatoka nje kwa mama lishe akarudi na chumvi kwenye kipande cha gazeti, wakatia wakachomeka, na ile ile glasi ya maji "salama" ikageuka tope la kutu tunaangalia. Yule mama wa kushika mdomo akaniuliza, "sasa mwanangu inakuwaje?"

Inakuwa hivi. Miguu ya kile kifaa kuna ya chuma na kuna ya aluminiamu. Umeme ukipita kwenye maji unakila kile chuma, na uchafu unaouona ni kutu ya kifaa chenyewe. Maji yenye chumvichumvi yanapitisha umeme vizuri kwahiyo kutu inatoka nyingi, maji ya RO hayana chumvi umeme haupiti, yanabaki meupe. Floraidi haionekani hapo hata kidogo, haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachokuwaga kwenye maji ya kunywa haina hata ladha. Na kale kakipimo ka TDS nako kanajumlisha chumvi zote kwa pamoja, hakakwambii floraidi ni ngapi. Anayetaka kujua anapeleka sampuli maabara ya maji ya wizara au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, analipia, anapewa karatasi. Tulipochimba kisima tulipima, floraidi ilikuwa chini ya miligramu moja kwa lita, na kiwango cha juu kwa Shirika la Afya Duniani na kwa viwango vyetu vya Tanzania sasa hivi ni miligramu 1.5.

Na kwa Dar hiyo sio ajabu. Floraidi kwenye maji inatokana na miamba, hasa ya volkano, maji yanakaa chini ardhini miaka na miaka yanaiyeyusha. Maji mengi ya bomba ya Dar ni ya Mto Ruvu, yanasafishwa Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru kule Morogoro ambako hakuna volkano. DAWASA wanatia klorini ya kuua vijidudu, floraidi hawatii, nchi hii hakuna mji unaotia floraidi kwenye maji. Watu wanachanganya wanadhani chumvi ikiwa nyingi basi na floraidi ni nyingi, sio hivyo, hata maji ya bahari pale Coco yana kama miligramu 1.3 tu kwa lita pamoja na ule ukali wake wote wa chumvi.

Sasa hiyo Marekani anayoitaja. Uongo wake unauzika kwa sababu una punje za ukweli ndani, ni kweli jimbo la Utah mwaka 2025 lilikuwa la kwanza kukataza kutia floraidi kwenye maji ya umma, Florida wakafuata mwaka huohuo. Lakini neno la kushika hapo ni KUTIA. Wale wanaongeza kwa makusudi, wamefanya hivyo toka Januari 1945 walipoanza Grand Rapids, Michigan, na kipimo wanachoelekezwa sasa ni miligramu 0.7 kwa lita. Wao wanabishana waendelee kutia au waache, sisi huku hata kijiko hatujawahi kutia, halafu mtu anakuuzia mashine ya kuondoa.

Na ukiuliza walianzaje kutia utacheka, maana habari yenyewe imeanzia kwenye meno ya kahawia kama ya watu wengi wa Arusha. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, akahangaika miaka kutafuta sababu, na alichoshangaa zaidi ni kwamba meno yale mabaya ya sura yalikuwa hayatoboki ovyo. Sababu ilikuja kujulikana 1931, mkemia wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, H. V. Churchill, akapima maji akakuta floraidi imejaa. Baada ya hapo Trendley Dean wa serikali akapita miji kwa miji akilinganisha maji na meno ya watoto, akaona kwamba kwenye miligramu kama 1 kwa lita meno yanapata ulinzi na ile rangi haitokei ya kusumbua. Kwahiyo dawa na sumu ni kitu kimoja, kinachotenganisha ni kiasi.

Faida yake ipo, tusidanganyane upande huo pia. Bakteria wa mdomoni wakila sukari wanatoa tindikali inayomung'unya gamba la jino, floraidi ikiwepo mate yanarudisha madini kwenye lile gamba na linakuwa gumu zaidi. Calgary, Kanada, waliacha kutia 2011, watafiti wakafuatilia watoto wakawalinganisha na wa Edmonton walioendelea, meno ya Calgary yakaharibika zaidi, wakapiga kura kuirudisha na ikarudi 2025. Ila pia tafiti mpya zinasema faida ya kutia kwenye maji siku hizi ni ndogo kuliko zamani kwa sababu karibu kila mtu anapiga mswaki na dawa yenye floraidi. Na kuhusu akili za watoto, ile ripoti ya Marekani ya 2024 inayotembea kwenye simu za watu inazungumzia maji yenye ZAIDI ya miligramu 1.5 kwa lita, ikasema kwa kiasi cha 0.7 ushahidi hautoshi kusema chochote. Jaji mmoja wa shirikisho mwaka huohuo akaagiza mamlaka yao ya mazingira ilishughulikie. Kwahiyo mjadala upo na ni wa kweli, lakini hauhusu glasi ya Ruvu.

Unahusu Arusha. Mama mkwe wangu ni wa Maji ya Chai, Arumeru, chini ya Mlima Meru. Meno yake ya mbele yana kahawia ya mabaka, mawili yana vitobo vidogovidogo kwa juu na kingo zimemeguka, na ni mtu asiyejua sigara wala ugoro. Akija Dar watu wazima na akili zao wanamuuliza mama unavuta? Ameniambia ujanani alikuwa akicheka anaweka kiganja mdomoni, kazoea hivyo mpaka leo mkono unapanda wenyewe. Mume wangu naye anayo, yake ni mistari meupe na kahawia kidogo. Hii rangi inaingia wakati jino linajengwa bado liko ndani ya fizi, yaani utotoni mpaka kama miaka minane, ukishapita hapo hata ukihamia Arusha ukubwani meno hayabadiliki rangi. Lakini mifupa haina umri, kiasi kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi viungo vinakakamaa, na kuna vijiji kule watoto wamepata matege.

Kule namba ni nyingine kabisa, kuna chemchemi na visima vinapita 1.5 mara nyingi sana, na maziwa ya Momella ndani ya hifadhi yana mamia ya miligramu. Singida, Shinyanga, Manyara nako kuna sehemu zina hilo tatizo. Serikali yenyewe mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa vijijini, maana wangeweka cha chini watu wangekosa maji kabisa, kikashushwa mpaka 4 na sasa ndo tuko 1.5. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa kwa moto wa kupimwa, inasagwa chengachenga, maji yanapita katikati na floraidi inang'ang'ania kwenye mfupa. Teknolojia ya mifupa ya buchani, na inafanya kazi. Na Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela palepale Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake. Ila sijamsikia muuzaji wa Kariakoo akimtaja.

Halafu mama mkwe aliniambia kitu nikakiulizia kwa daktari wa meno akakubali: magadi. Yale ya kulainishia maharage na makande, yana floraidi, mengine nyingi tu, na kuna vijiji vya Kilimanjaro maji yao ni mazuri kabisa lakini watoto wana meno ya kahawia, watafiti wakafuatilia wakaishia jikoni. Kwahiyo we wa Dar unayemwogopa Ruvu wakati kila siku unatia magadi kwenye mlenda wa mtoto wa miaka miwili, anza hapo. Majani ya chai nayo yana floraidi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sio kwa kiasi cha kukutisha, ila ujue floraidi haiji kwa bomba peke yake.

Mashine inatoa floraidi au haitoi? Inatoa. Membreni ikiwa nzima inaondoa sehemu kubwa sana, karibu yote. Zile chupa za mkaa hazitoi, mashine za bei rahisi zenye mkaa tupu zinazoandikwa eti zinaondoa floraidi ni maneno. Mkaa wa mifupa ni habari nyingine. Kuchemsha hakutoi, tena maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki ileile kwenye maji machache. WaterGuard ni klorini, haihusiki. Kwahiyo hii mashine ninayoipa lawama ya maneno hapa, ningeifunga Maji ya Chai bila kufikiria, na ndo tunachangishana na mashemeji, kinachotukwamisha ni umeme kukatika na nani atabadilisha filta kule.

Kwa nyumba ya Dar yenye RO, jambo la kuzingatia ni kinyume cha alichosema muuzaji, maji yako sasa hayana floraidi karibu kabisa, basi ulinzi wa meno unabaki kwenye mswaki. Daktari alinielekeza geuza tyubu ya dawa ya meno usome, tafuta neno fluoride na namba ya ppm, yaani kipimo cha floraidi iliyomo, mtu mzima iwe 1000 mpaka 1500. Mtoto chini ya miaka mitatu unampaka kiasi cha punje ya mchele, mitatu mpaka sita punje ya njegere, na usimwache aminye mwenyewe maana zenye ladha ya matunda wanameza kama pipi, na kumeza kila siku ndo kunaleta yale mabaka meupe. Ukimaliza tema, usisukutue na maji. Hili la kutosukutua nyumbani kwangu limeleta vita, mume wangu anasema hajasafika.

Mwisho huduma yao baada ya kuuza, ambayo ni mbovu. Kabla ya kulipa ulikuwa dada angu, ukishalipa simu inaita tu. Kiungo cha katanki kilivuja usiku, asubuhi kabati la chini ya sinki limevimba, fundi anasema "nakuja mchana" siku nenda siku rudi, nikamwita fundi bomba wa mtaani akazungushia tepu nyeupe kikakauka hapohapo. Filta ya kwanza kwa maji ya kisima inachafuka haraka kuliko walivyosema, nunua za akiba kadhaa siku hiyohiyo ukiwa bado una nguvu ya kuombea punguzo, na bei ya membreni ulizia kabla hujaondoka dukani maana wengine wanakuuzia mashine rahisi halafu wanakusubiri kwenye spea. Mashine naipa nyota nne, duka mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya yule kijana aliyekwenda kufuata chumvi.